Ukigongwa, Usijisugue

Hadi Desemba iliyopita, mtu akiniambia kwamba vijana wa siku hizi wanatushinda sisi wazee kwa besiboli, damu ilikuwa inanipanda mpaka masikio yanavuma. Nilishawahi kumvunja mtu jino kwa neno hilo, pale kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na huyo mtu tulicheza naye timu moja tukiwa shule. Alisema tu kwamba kitinda mimba wangu anapiga mpira kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye uwanja wetu hapa Kanyakine. Nikaweka kikapu changu chini, nikamtandika. Watu walitutenganisha, Jumapili tukapeana mikono kanisani, na mpaka leo akicheka unaliona pengo.

Mchezo wenyewe tuliletewa na mwalimu wa kujitolea, mzungu mrefu aliyefundisha hesabu mihula miwili akarudi kwao. Alituachia gongo moja, glavu mbili, mpira mmoja na sheria zilizoandikwa kwenye daftari. Mengine tulijitengenezea. Magongo tulichonga kwa mti wa mpera. Glavu tulishona kwa gunia, ndani tukajaza maganda makavu ya mgomba. Mpira wa mzungu ulipopasuka, tulikaza vipande vya tyubu ya baiskeli, tukazungushia uzi wa katani, juu tukavisha ngozi ya kiatu kikuukuu. Ulikuwa mzito na haukuwa mviringo sawasawa, kwa hiyo hata mimi niliyeurusha sikujua vizuri utaishia wapi.

Sheria moja haikuwa kwenye daftari. Ukigongwa na mpira, unaweka gongo chini, unatembea hadi besi ya kwanza, na mkono wako hauendi palipouma. Hujisugui. Sote tulikuwa tumetoka jandoni karibuni, rika moja, na tulikuwa tumefundishwa kwamba kisu kikipita hata kope haichezi. Tukaona mpira nao usipewe heshima ambayo kisu hakikupewa. Aliyejisugua aliimbiwa muhula mzima kwamba yeye bado ni mwiji, mvulana ambaye hajapita kwa kisu, na hakuna tusi lililolizidi hilo. Nilimwona mwenzetu akienda besi na kidole kimepinda kuelekea nyuma, anatabasamu, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Tulimshangilia mpaka sauti zikakauka.

Mimi nilikuwa mrushaji, na nitasema ukweli, nilipenda kugonga watu. Mpigaji akisogelea kile kipande cha tairi tulichokiita nyumbani, niliona amenidharau, nami nilimlenga mbavu. Mpira ukiingia kwenye mbavu unatoa mlio mfupi, mtu anatoa pumzi zote kwa mara moja, halafu anakutazama. Hayo macho ndiyo niliyokuwa nayangojea. Akinitazama bila kujisugua nilimheshimu, na baadhi yao tulikuja kuwa marafiki.

Siku tuliyokwenda Embu kucheza na timu ya Manyatta, nilimgonga mpigaji wao wa kwanza shingoni. Walingoja zamu yao, mrushaji wao akanigonga mimi goti. Nikagonga wawili. Kabla mchezo haujafika katikati hakuna aliyekuwa anahesabu tena. Mdakaji wetu, ambaye siku hizi ni msimamizi kwenye shamba la maua huko Timau, alimpiga mtu gongo la mgongo, na uwanja mzima ukamiminika. Mimi nilimbamiza mvulana mmoja shavuni kwa mpira nilioushika mkononi, nikausikia mfupa ukiingia ndani. Walimu walitupanga mstari mmoja, Meru kwa Embu, wakatutandika viboko, kisha tukala githeri ya sufuria moja. Kwenye lori tuliimba njia nzima. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeisimulia siku hiyo kama ushindi, ingawa hata leo sijui nani alishinda.

Sasa watazame hawa wa leo. Wana helmeti. Wana glavu za ngozi. Wanapigana video kwa simu, halafu wanaketi kwenye nyasi kujitazama polepole, kiwiko kilikuwa wapi, kiuno kiligeuka saa ngapi. Mtu akigongwa analala chini, mwenzake anamletea maji baridi, na aliyerusha anaomba msamaha! Mrushaji wao ni msichana, binti wa jirani yangu. Mara ya kwanza nilipomwona akiinua mkono kusema "sorry" kwa mtu aliyemgusa bega tu, nilitema mate. Nilisema hawa si wachezaji, hawa ni mayai.

Na kitinda mimba wangu alikuwa mpigaji wao bora. Nililijua hilo kabla huyo wa jino hajalisema. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na macho yake yaliusoma mpira ukiwa bado kwenye vidole vya mrushaji. Mwezi wa Novemba aliitwa Nairobi, aende Januari kufanyiwa majaribio ya timu ya taifa ya vijana. Mama yake alilia, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani wakaja. Mimi nilimwambia, "Huko wataangalia kama uko na roho. Kupiga tu si kitu."

"Sasa baba, roho nayo inapimwa aje?"

"Siku utagongwa, ndiyo tutajua."

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, wazee tunacheza na vijana kwenye uwanja wa shule. Mwaka jana tulianza saa nane mchana, na kufikia saa tisa walikuwa wameshatuacha mbali. Kijana wangu aliupiga mpira wangu wa kwanza ukavuka ua ukaangukia kwenye majani chai. Aliporudi mara ya pili akaupeleka kule kule. Watu walipiga vigelegele, hata mama yake. Hakunicheka. Alipita mbele yangu akikimbia, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, baba." Afadhali angenitukana.

Aliposimama mara ya tatu, wenzangu walikuwa wameanza kelele.

"Toa hiyo sufuria kwa kichwa!"

"Sisi tulicheza kichwa wazi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Mwenye pengo naye akadakia, "Ama huyu bado ni mwiji?" Uwanja mzima ukacheka.

Kijana alinitazama mimi. Ningesema neno moja tu, acha, na mambo yangeishia hapo. Nilisema, "Si umesikia wazee?" Akavua helmeti, akaiweka kwenye nyasi.

Binti wa jirani alitoka mbio pembeni. "Buda, hiyo si poa! Wacheni avae helmet! Ako na trials!" Hakuna aliyemsikiliza.

Nililenga mbavu. Mama yake nimemwambia hivyo, mchungaji nimemwambia hivyo, na ni kweli. Lakini mkono wa mtu wa miaka hamsini na miwili haufuati macho, na hasira nazo zilikuwa na shabaha yao. Mpira ulimpata kwenye jicho la kushoto. Mlio haukuwa ule wa mbavu. Kichwa kilirudi nyuma, magoti yakalegea, mkono mmoja ukagusa ardhi. Kisha akasimama. Damu ilikuwa inashuka kutoka kwenye nyusi hadi mdomoni. Alinitazama kwa jicho lililobaki, akaweka gongo chini taratibu, akaenda besi ya kwanza, mikono imenyooka ubavuni.

Wazee walilipuka. Waliingia uwanjani wakiimba nyimbo za jandoni, wakimzunguka, wakipiga miguu chini. Nami niliimba. Nililia mbele za watu. Tangu nizaliwe sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda kijana wangu pale, anatema damu kando ya besi na mkono haupandi usoni.

Zamu yangu ya kupiga ilipofika, nilijua kinachonisubiri. Kwa sheria yetu aliyegonga naye hugongwa, na nilitaka wanigonge. Nikavua kofia, nikasogelea kile kipande cha tairi, nikamwonyesha yule binti kichwa. Alirusha mara tatu. Yote mitatu ilipita katikati, sawasawa, kwa kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo hata nikiwa kijana, na gongo langu halikugusa hata mmoja. Nikatolewa.

"Waoga nyinyi!" nikapiga kelele. "Hata kulipiza hamjui!"

"Mzee," yule binti akasema, "wacha tumpeleke hosi. Tafadhali."

"Hakuna hospitali. Ni jicho limevimba tu."

Wenzake walimzunguka kijana wangu wakimbembeleza. Naye, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale, alitikisa kichwa. "Niko sawa," alisema.

Nyumbani mama yake alimwekea kitambaa cha maji baridi, akasema asubuhi watakwenda hospitali. Nikamkataza. Nilimwambia mtoto ametoka uwanjani kama mwanaume, asimwaibishe sasa kwa kumbeba kama mtoto mchanga. Jicho lilibaki limefumba siku nne. Kila asubuhi nilimuuliza, "Linauma?" Naye alijibu, "Hapana, baba." Nikitoka hapo nilikwenda kwenye kituo cha majani chai, nikasimulia, na watu wakaniitikia. Niliisimulia mara nyingi mno. Nilikuwa nafikiri hizo ni siku njema.

Siku ya tano jicho lilifunguka. Mama yake alimwona akijimiminia chai, na chai yote ikamwagika kando ya kikombe. Hakuniuliza mimi. Alimshika mkono wakaenda hospitali kubwa, nami nikawafuata nyuma nikinung'unika.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimmulika kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, "Huoni kitu kama pazia jeusi upande huu?"

"Naona."

"Lilianza lini?"

"Siku ile ile. Nikiwa besi ya kwanza."

Daktari aliweka kurunzi mezani. Alitueleza kwamba ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho, ile inayoona, ilikuwa imebanduka, na kwamba mtu anayeona pazia hilo huletwa siku hiyo hiyo. Angejaribu upasuaji, lakini asingeweza kutuahidi kitu. Majaribio ya Nairobi yalikuwa wiki mbili mbele.

Kwenye varanda nilimgeukia kijana kwa sauti ya juu, "Kwa nini hukusema?" Aliyenijibu ni mama yake, na alinijibu kwa kofi. Miaka ishirini na minane ya ndoa hajawahi kuniinulia mkono, na siku hiyo alinizaba mbele ya foleni ya wagonjwa hadi kofia ikaanguka. Mkono wangu ulikwenda shavuni wenyewe. Nikasimama pale nikijisugua, wagonjwa wananitazama.

Walimpasua. Januari ikapita. Wenzangu bado wananiomba niwasimulie, na huyo mwenye pengo aliniletea ndizi, akakaa kidogo, akaondoka. Nawachukia kidogo, najichukia zaidi. Wakiniuliza siku hizi nani bora, sisi au hawa, nawaambia habari ya yule binti. Alikuwa na mkono wa kunipasua kichwa, alikuwa na sababu, na sheria yetu wenyewe ilimpa ruhusa. Alirusha katikati mara tatu. Mmoja wao husema lakini sisi tulikuwa wagumu, nami nainuka naenda zangu, kwa sababu nikikaa nitapiga mtu.

Wiki iliyopita, saa kumi alasiri, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Kijana alikuja na mpira mkononi, kitambaa cha jicho ameshakitoa. Jicho lenyewe ni zuri tu kulitazama, huwezi kujua.

"Baba, nirushie kidogo."

"Daktari alisema upumzike."

"Pole pole tu. Jana niliona kama mwangaza. Nataka kujua kama inarudi."

Alinipa mpira, akarudi nyuma hatua tano, akageukia kwangu. Jicho la kulia akalifunika kwa kiganja, mkono mwingine akaunyoosha mbele, vidole wazi. Nilitaka kukataa, lakini nilishindwa kumkatalia. Niliurusha kutoka chini, taratibu, kama unavyomrushia mtoto anayejifunza kutembea. Ulipita kando ya sikio lake la kushoto, ukaangukia kwenye majani mabichi nyuma yake bila sauti.

Alikuwa bado amesimama, mkono mbele, kidevu juu, anatabasamu kidogo.

"Haya baba, rusha," akasema. "Niko tayari."