Nilimufundisha Kapinga Munkoyo Nusu

Musitafute jina yangu. Kosa ni yangu. Haikutoka kwa shetani, haikutoka kwa bulozi, haikutoka kwa njala. Ilitoka mu hii kinywa yangu, yenye kujifunga siku ile ilipaswa kufunguka. Minaandika na hasira, na hasira ya kwanza iko yangu mwenyewe!

Nilizaliwa upande ya Kasomeno. Bwana yangu anatumika ku atelye ya kutengeneza gari ya moshi, na tangu ndoa tunakaa hapa Kamalondo, mu Elisabetvili. Miti nilifundishwa na mama yangu. Yeye anajua majani ya kuosha mutoto mwenye surua, anajua maganda ya mulombwa yenye kutoa maji mekundu sawa damu, anajua majani ya kulewesha samaki mu muto. Na anajua muzizi ya munkoyo.

Benye hawajui munkoyo, basikie. Unapika buji ya unga ya mahindi, unaiacha ipoe kidogo, kiisha unatia muzizi yenye kupondwa. Buji yote inageuka maji. Kesho yake iko tamu, mutoto anakunywa, na mupe wa kanisa naye anakunywa, ju haiko pombe. Lakini mu pori kuko muzizi ingine yenye kufanana nayo, na ile inaua. Mama yangu alikuwa na sheria: "Muntu akikuomba umuonyeshe munkoyo, unamuonyesha kwanza ile ya kuua. Ile ya kukunywa inakuya nyuma."

Sheria ile niliijua tangu butoto. Niliijua!

Sasa Kapinga. Si jina yake, lakini nitamuita vile. Alitoka Kasai na bwana yake, karani ku biro moja ya muji, bakapanga nyumba ya pembeni yetu. Kapinga hakuwa na ndugu hapa. Tangu siku ya kwanza aliniita yaya, ni kusema dada mukubwa. Ku bomba, ku soko, ku misa, tulikuwa paka pamoja, kila siku. Batoto yake balilala kwangu, yangu balikula kwake. Aliniomba nimufundishe munkoyo, nikamufundisha kupika. Muzizi nilimupa miye mwenyewe, imekwisha kukauka, ile mama alinitumia toka Kasomeno.

Kumbe mukono yake ilipita yangu! Aliongeza sukari kidogo, alichuja mara mbili. Bantu bakaanza kusema: "Munkoyo ya mama ya Kasai, mawe! Ile ingine ya pale ni maji ya kuosha nyungu." Ile ingine njo yangu! Siku moja bwana yangu mwenyewe alitoka kazi, akatua kofia, akaniambia: "Ngojea kwanza, nipite kwa Kapinga nikunywe kikombe." Kwa Kapinga! Nani alimufundisha Kapinga?

Wivu ilinikamata ku shingo. Alipokuya tena kuomba muzizi, nikamuambia: "Imekwisha."

"Yaya, komunyo ya kwanza ya mutoto ku misa iko dimanshi ya kukuya. Na mukwe yangu amefika toka Kasai. Nataka aonje munkoyo yangu."

"Basi wende uchimbe. Kule upande ya Ruashi, mu pori. Majani yake iko matatu-matatu, sawa ya kunde."

"Ni ile tu? Hakuna alama ingine?"

"Ni ile tu."

Bongo, nilimudanganya! Ile ya kuua nayo iko na majani matatu-matatu! Alama iko ndani: unakwaruza muzizi na kisu, ile ya kweli iko manjano na inanukia kunde mubichi. Ile mubaya iko mweupe, inateleza mu vidole. Ilikuwa maneno ya kusema mbele ya kumaliza kikombe ya maji. Nikaimeza.

Samedi, siku moja mbele ya komunyo, mu saa sita ya muchana, akaniita mu kiwanja yake. Muzizi ilianikwa ku mukeka. Mukwe yake, mama muzee wa kucheka-cheka na kila muntu, alikaa pembeni anamenya karanga. Kapinga akasema: "Yaya, angalia. Njo yenyewe?"

Niliangalia. Mingi ilikuwa muzuri. Lakini kati yake niliona tatu, ine, yenye ngozi imetoka, mweupe sawa mufupa. Niliona vile minaona hii karatasi!

Nikajibu: "Weye si fundi sasa? Unauliza nini?" Nikaenda zangu.

Musinitetee, museme ati miye sikujua. Nilifikiri bantu batatapika tu, batamucheka, munkoyo yake itachukiwa mu Kamalondo yote. Haya yake, njo nilitaka. Lakini dimanshi, kiisha misa, wakati banamimina mu bikombe, niliita batoto yangu nyuma ya nyumba, nikabaambia: mwenye kugusa ile munkoyo, nitamupiga mupaka achoke kulia. Sasa, kama ni kutapika tu, ju ya nini niliogopa vile?

Bantu balianza kuinama na kutapika mu kiwanja, mumoja, babili, kiisha bengi. Mama muzee alikuwa amekunywa bikombe bitatu, na kila kikombe anajivuna: "Bibi ya mutoto yangu anajua kazi! Muniongezee!" Balimubeba ku lopitalo mu pusupusu, kigari ya kusukuma na mikono, mutoto wa komunyo anakimbia nyuma na kanzu yake mweupe. Bale bengine balipona. Yeye hakupona. Jua haikuzama bado, alikwisha kufa.

Na pale njo niliona bantu ni nini. Bale balilamba bikombe, balisifu, balisema "ongeza mama", bale bale njo balivunja nyungu yake! "Mulozi! Ameua mama ya bwana yake!" Bibi mumoja, Kapinga alimushonea nguo ya mutoto bure, alimutemea mate. Naye alikaa chini, mu mavumbi, anarudilia paka neno moja tu: "Nilichimba ile yaya alinionyesha. Nilichimba ile yaya alinionyesha."

Bantu bote bakageuka, bakaniangalia. Karani akaniuliza: "Mama, ni kweli?"

Nikasema: "Miye nilimukataza kuchimba peke yake."

Bongo ingine! Na ile njo ilimumaliza.

Polisi balimushika siku mbili, bakamuachilia, bakasema haiko makusudi. Lakini ndugu ya bwana yake balikataa abakie. Bakamukatia tikiti ya kurudi Kasai, bakabakisha batoto. Miye nilikwenda nao ku gare ya gari ya moshi. Nilikwenda! Nilibeba hata kitunga yake. Akapanda, akainama ku dirisha, sauti yake polepole: "Yaya, ju ya nini batoto yako hawakunywa?"

Niliangalia bilatu ku miguu yangu mupaka gari ikaondoka.

Mama yangu alipokuya toka Kasomeno, nilimuambia yote. Nilifikiri atanihurumia, miye mutoto yake. Aliuliza neno moja tu: "Ulimuonyesha kwanza ile ya kuua?"

"Hapana, mama."

"Basi ile ya kuua njo weye."

Tangu pale hanionyeshi hata jani moja. Mutoto akigonjwa, anatuma dawa imekwisha kusagwa, nisijue imetoka ku muti gani. Njo malipo yangu. Na minaona iko kidogo.

Miaka mbili ikapita, nikashindwa kubeba. Nikapiga hodi kwa karani, nikamuambia ukweli yote. Alisimama mu mulango, bibi yake mupya nyuma yake. Akasema: "Mama, maneno ile iliisha. Nimeoa."

"Lakini hakuua! Ni miye!"

"Unataka nifanye nini? Utanirudishia mama?" Akafunga mulango.

Ee bwana we! Ulilala naye miaka kumi, ukamuacha mu siku moja, na sasa neno imeisha? Naye nina hasira yake! Mupe alinisikiliza nikiungama mu konfesyo, akanipa sala. Nilisali yote. Lakini sala ya hapa Elisabetvili haimufikishii Kapinga jina yake muzuri kule Kasai.

Na mutoto yake mwanamuke, ule wa komunyo, kila asubui ku bomba ananisalimia: "Jambo, mama mukubwa." Hakuna mwenye alimuambia ukweli. Ninamujibu: "Jambo, mama." Kiisha ninabeba ndoo yangu, narudi.

Nyinyi bamama munasoma hii, munachukia mwenzenu? Muchukie! Mumunyime chumvi, mumunyime salamu, mupite upande ingine ya njia. Lakini kama unajua jani ile inaponyesha na jani ile inaua, sema yote mbili, ao usifungue kinywa hata kidogo. Nusu ya akili ya miti ni kisu, na muntu ananyoosha mukono kuipokea akifikiri ni chakula.

Na musiniandikie barua ya pole. Pole ni ya Kapinga, na miye sijui anakaa wapi.