Ng'ombe Waliokwenda Nyotani

Ta. Ta-ta. Ta. Niliisikia kabla sijafumbua macho, mwezi uliopita, nilipolala Basotu, kijijini kwetu kando ya ziwa. Ilikuwa mvua tu, ikidondoka kwenye bati, lakini niliinuka nikitafuta kibuyu cha maziwa.

Unajua, rafiki yangu, asubuhi za utoto wangu zilianza hivyo: taipureta ya jirani ikigonga, na Bibi akinituma nimpelekee maziwa yenye harufu ya moshi. Jirani alikuwa fundi mstaafu wa mashine za kuvunia ngano. Vidole vyake vilinuka dizeli, na alikuwa akiandika riwaya ya watu wanaohamia nyota nyingine na mifugo yao. Kila sura ilipokwisha alikuja kwetu, akatoa shikamoo, akamsomea Bibi. Bibi hakujua kusoma. Alijua kuhama.

Siku moja, akitikisa kibuyu atoe siagi, aliuliza hao ng'ombe wamekunywa wapi safari yote hiyo. Jirani alikuwa amepanga mitambo, hewa, hata mwanga, akasahau maji. Bibi akamcheka kwamba fundi mzima ameua kundi kwa kiu. Taipureta haikulia siku tano.

Kisha mchapishaji wa Dar akataka mswada wote. Asubuhi ya safari jirani alikuja nao ndani ya mfuko wa mbolea, akasoma sura ya mwisho akiwa amesimama. Alisema Bibi akiikataa, hapandi basi.

Bibi aliweka kibuyu chini. "Wote wamehama?"

"Wote, mama."

"Basi umedanganya. Watu hawahami wote. Nani kabaki na moto?"

Jirani akaketi, akaomba kalamu yangu ya shule. Aliandika nyuma ya ukurasa wa mwisho, mimi nikishikilia karatasi zisipeperuke. Honi ya basi ilisikika kutoka upande wa ziwa alipomaliza.

"Kabaki bikizee mmoja," akasoma. "Amefunga mlango, upepo usimzimie moto."

"Sasa nenda," Bibi akasema.

Kitabu kilitoka, ninacho mezani hapa. Nami naandika siku hizi; nikikwama, najiuliza ng'ombe wangu wanakunywa wapi. Jirani alibaki huko huko mjini hadi mwisho wake, Bibi naye hayupo. Nyumba ya taipureta sasa ni banda la kuku, na maziwa yanakuja kwenye chupa za plastiki, hayana moshi.

Asubuhi ile bado naiona. Jirani anashuka kuelekea barabarani, mfuko begani, na Bibi, bila kumpungia mkono, anafunga mlango.