Nilimwosha Nywele Mdogo Wangu, Nikanyamaza

Kosa ni langu mie. Si la mama, si la mila, wala si la bibi mkandaji. Macho yaliyoona yalikuwa yangu, na mdomo uliofungwa ulikuwa wangu.

Wasomaji wenzangu, mie ni mtu wa haya. Tangu shuleni, nikiulizwa hata jambo ninalolijua, hutazama chini. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na haya nayaandika polepole, nafuta, naandika tena. Lakini nikiyameza zaidi yataniua!

Kwetu ni Temeke. Mdogo wangu wa kike alipofikia umri wake aliwekwa ndani, kama ilivyo desturi yetu. Mwali hatoki, haonwi na watu, hushinda amejifunga kanga akifundwa na somo yake. Kazi ya kumwosha nywele nilipewa mie.

Siku moja aliinamia beseni, nami nikimmiminia maji. Kanga ikalowa, ikamganda mgongoni. Nikaona upande wa kulia umenyanyuka, wa kushoto bapa. Nikamwambia asimame wima. Bega moja lilikuwa juu kuliko la pili.

Na nilijua ni nini! Hapo ndipo penye uchungu wangu. Nilipokuwa shule alikuja nesi, akatuinamisha wasichana mmoja mmoja, mikono ikining'inia, akitazama migongo. Mwenzetu mmoja akaambiwa aende hospitali. Tukamcheka, tukamwita Kibiongo.

"Nyamazeni!" nesi alitukemea. "Samaki mkunje angali mbichi. Uti wa mgongo ukianza kupinda, mtoto akirefuka nao huzidi. Ndiyo maana tunautazama mapema."

Nilipomwambia mdogo wangu nilichokiona, alinishika mkono wangu uliojaa sabuni.

"Dada, usimwambie Mama! Wataniita Kibiongo, kama mlivyomwita yule."

Jamani! Kisa kile nilimsimulia mie mwenyewe, tena kwa kucheka.

Nikamwapia. Desturi nayo ikanipa pa kujificha, maana ya mwali hayatoki nje. Kila jioni Mama, asiyeingia kwa mwali, aliuliza mlangoni, "Mwali hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo, Mama."

Baadaye mgongo ukaanza kumuuma. Mama akamwomba bibi mmoja wa mtaani, mkandaji, aje amkande, kisha Mama mwenyewe akaenda kisimani. Mie nilishika kibakuli cha mafuta ya nazi. Vidole vya bibi vikashuka taratibu kwenye uti, vikasimama, vikarudi juu.

"Mjukuu wangu, ulianguka?"

"Sijaanguka, bibi."

Akamaliza kukanda, akaniita uani. "Binti, mie maumivu nayapoza. Lakini mfupa ule siuwezi, na nikiulazimisha nitamdhuru. Mama yako akirudi mwambie ampeleke hospitali."

"Haya, bibi."

Mama akarudi, akatua ndoo. "Bibi kasemaje?"

"Kasema maumivu yatapoa."

Nusu nilimpa, nusu nikaimeza. Na maumivu yakapoa kweli! Mdogo wangu akalala usingizi mzuri, akaamka anacheka. Nikajiona nimefanya jema, mjinga mie! Miezi ikapita, naye akizidi kurefuka mle ndani.

Siku ya kumtoa mwali, uani palijaa wanawake na ngoma. Akavishwa doti mpya. Pindo likaburura upande mmoja, upande wa pili likapanda.

"Nani kafunga kanga hii, kalewa?" shangazi alitania. Wakacheka, wakaifunga upya. Likapanda tena. Shangazi akainama akaifunga yeye mwenyewe. Likapanda tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Somo yake akampitisha kiganja mgongoni, polepole. Ngoma ikanyamaza.

Mama hakumtazama mwali. Alinitazama mie.

"Si wewe uliyekuwa ukimwosha?"

Hospitalini, daktari alimwinamisha vilevile kama nesi wa shuleni. Akauliza tumeona tangu lini. Nikasema kweli, Mama akisikia. Daktari akasema angeletwa mapema wangemfunga plasta ngumu kiwiliwili kizima, kuuzuia mgongo usizidi wakati anakua. Pengine usingenyooka kabisa. Pengine usingefika hapa. Sasa mbavu zinambana pumzi.

Msichana huyu alikuwa akitwanga huku anaimba! Leo akibeba ndoo ndogo tu husimama njiani, mdomo wazi, anatafuta hewa. Nilimwomba radhi nikilia, nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniapisha.

"Mie nilikuwa mtoto, Dada," alisema. "Wewe ulikuwa unajua."

Enyi mama, dada na makungwi, nawasihi! Mtoto anapokua mwinamisheni, mtazame mgongo wake. Tazameni mabega. Tazameni pindo la kanga. Mkiona upande umepanda, msicheke, wala msingoje aumwe. Mkandaji akisema hapa siwezi, fikisheni maneno yake yote. Na mtoto akikuapisha ufiche ugonjwa wake, vunja kiapo hicho. Bora akuchukie mwezi mmoja kuliko akose pumzi maisha yake yote.

Siku hizi nywele zake anaziosha mwenyewe. Kuinama kunamchosha, kwa hiyo maji nayasikia yakimwagika kidogo, kisha kimya, kisha kidogo tena. Nami husimama nje ya mlango na kanga kavu mkononi, labda ataniita.