Uso si ukuta

Leo Mama kaniaibisha, na bado nacheka.

Mnaikumbuka video yake? Anasugua kijiti cha msiro kwenye jiwe, ananipaka urembo wake mweupe usoni, ananiambia: "Taratibu, uso si ukuta."

Mabinti wa mjini Palma wakaiiga, kwa heshima kabisa.

Akaja fundi mmoja wa ujenzi, wa kijiji cha Mute. Kashika mwiko, anapiga lipu, kabana sauti kama Mama: "Taratibu, ukuta si uso."

Sasa wote wanamwiga yeye.

Nilimficha Mama video ya fundi. Leo kaiona kwenye telemovi, simu ya jirani. Kaitazama mara tatu. Mimi roho juu.

"Huyu anapandisha mkono kutoka chini, wala hana haraka," akasema. "Wewe nimekufundisha miaka mingapi?"

Jamani, mwenye namba ya fundi anitumie. Mama anataka huyo anifundishe kupaka msiro.