Kuba ya Ruashi

Sijawahi kufika India, lakini Agra naijua kama ninavyoijua njia ya sokoni. Miaka ile ya Zaire kila sebule ya Lubumbashi ilikuwa na picha ya Rais. Kwetu, kando yake, ilining'inia kalenda ya Agra, ambayo baba alipewa na Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini. Kila mwezi na jengo lake. Mgeni akija, hata soda hajaionja, baba ameshaanza kumtembeza: hii ngome ya mawe mekundu, hizi bustani za kando ya mto, hili lango refu lenye aya za Kurani. Baba alikuwa fundi mwashi, mtu wa asili ya Maniema, na kwa maneno aliishinda redio.

Ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa jumba jeupe lenye kuba. Mwenye duka alikuwa amemwambia, "Humu ndimo alimolala mke wa mfalme." Baba akaelewa chumba cha kulala. Akaahidi kumjengea mama kuba kama ile, juu ya chumba chao, katika nyumba aliyokuwa anaijenga Ruashi. Mama alijivuna, we acha tu! Mtaa mzima ulisikia.

Kuba ilipokauka, mama akaenda dukani kutafuta kitambaa cha pazia. Akamuuliza Mhindi mke wa mfalme alitandika nini kitandani mwake.

"Kitanda gani, mama? Ile ni malalo."

Kwetu malalo ni makaburi. Mama alirudi bila pazia, akamkabili baba.

"Unanijengea malalo? Na miye niko muzima?"

"Mama, sikujua..."

"Sitaingia mule. Hata siku moja!"

Nyumba ya kupanga tulikuwa tumeshaiaga, vyombo vimefungwa. Asubuhi yake baba akapanda ngazi na nyundo. Kuba ile ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, lakini aliipenda, na mimi nilimhurumia mpaka nikashindwa kutazama. Akapiga pigo la kwanza. Kipande cha saruji kikaanguka miguuni pa mama, aliyekuwa amesimama chini, mikono kifuani.

"Na ule mufalme," mama akauliza, "yeye iko wapi?"

Baba akasema hajui.

"Miye niliuliza kule dukani. Balimulalisha pembeni ya bibi yake." Akakisukuma kando kile kipande kwa mguu. "Shuka. Lakini weye utalala upande wa mulango. Kifo kikiingia, kianze na weye."

Baba alicheka hadi ngazi ikatikisika. Tukahamia jioni ileile, na pengo la nyundo halikuzibwa kamwe, mama alikataa.

Kifo hakikusikia maagizo yake. Kilimpita baba pale mlangoni, kikamchukua mama. Tulimwambia baba asogee katikati, kitanda sasa ni chake chote. Hakusogea. Aliendelea kulala upande wa mlango, miaka yote, mpaka siku tulipomlaza kando ya mama.