Garimoshi Ukweni

Niliolewa Ifakara miaka ya hamsini nikitokea Kilosa, na jambo la kwanza nililofundishwa ukweni halikuwa kupika wala kulima mpunga. Nilifundishwa kunyamaza. Mkamwana hataji jina la baba mkwe wake. Hataji mbele yake, hataji kisogoni, hataji hata akiwa peke yake mtoni anafua. Kwa wasichana wengine hilo lilikuwa jepesi, maana wakwe zao walibatizwa majina ya watakatifu. Mkwe wangu mimi alikuwa mkausha samaki, na watu wote walimwita kwa jina la kile kitu kinachopaa kutoka kwenye kuni mbichi na kuwaliza wapishi. Neno hilo nilikatazwa kulitamka, na kutwa nzima nilishinda ndani yake nikipiga chafya.

Nikajitafutia njia. Nilisema "hewa nyeusi". Nilisema "kinachouma macho". Siku moja nilimwambia mume wangu kwamba kambale wamekauka vizuri, wananukia baba yake, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini siku ile nilicheka naye.

Sasa, katika ukoo ule bibi harusi hakupewa jiko lake mara moja. Alipikia kwenye mafiga ya mama mkwe mpaka siku ya kumpikia mzee chakula peke yake, bila kusaidiwa. Mzee akila, unapewa mafiga yako na kibanda chako cha kupikia. Asipokula, unangoja mpaka mavuno mengine. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, ila alionja kila chungu changu na kuguna, na ule mguno ulikuwa umenifika hapa kooni. Nilitaka jiko langu kuliko nilivyotaka nguo mpya.

Siku yangu ilipofika, kiangazi kilikuwa kimeanza, mto Lumemo umeshuka na mpunga mpya uko ghalani. Wali ulikuwa umeiva, samaki anatokota kwenye nyanya. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anatwanga nje ya mlango. Kusaidia alikatazwa, lakini nani angeweza kumkataza kuongea?

"Wifi, kwenu unakumbuka nini zaidi?" akaniuliza.

"Garimoshi," nikasema.

Mchi ukasimama hewani.

"Umemtaja baba!"

"Nimemtaja saa ngapi?"

"Sasa hivi! Si yumo humo, nyuma ya gari?"

Mama mkwe akatoka uani, mikono ina unga. Nilimpa shikamoo ya pili siku ile, na hakuiitikia. Niliona mafiga yangu yanaondoka, nami niko palepale naonjewa vyungu hadi mwaka unaofuata. Basi hasira ikanipanda.

"Wifi, ukisema mwanamke, unamwona mtoto?"

"Mtoto wa nini tena? Namwona mwanamke."

"Na mwanajeshi? Unaona mwana, halafu unaona jeshi?"

"Naona askari."

"Haya. Na mimi nikisema garimoshi sioni gari, wala hicho kingine. Naona kitu kimoja kirefu kinapiga honi."

Wifi akaanza kucheka, lakini mama mkwe alitikisa kichwa. "Wewe umezaliwa na Kiswahili," akasema. "Mimi nimekiokota sokoni nikiwa mtu mzima. Nikisikia neno hilo, nasikia gari, halafu namsikia mume wangu."

Nilitaka kubisha, nikashindwa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Hayo yalikuwa yananipata mimi na Kindamba chao. Maneno yao marefu yalinifikia vipandevipande. Nikiuliza kwa nini kitu fulani kinaitwa hivi, wakati ndani yake kuna neno hili na lile, walitazamana wakaangua kicheko. Walikuwa wamelitumia maisha yao yote na hawakuwahi kuona kuwa lina mshono. Neno ulilolisikia ukiwa mgongoni mwa mama linakuja zima. Ulilojifunza ukubwani linakuja na nyuzi zake nje. Na ubaya wa kuziona nyuzi ni kwamba huwezi kuacha kuziona: tangu mama mkwe aseme vile, kila nikisikia garimoshi namwona mzee amekaa juu ya behewa, amevaa kofia yake ya ukindu. Wamenikorogea kabisa neno langu.

Tulikuwa bado tunabishana pale mlangoni kumbe mzee yumo ndani, upande wa pili wa ukuta, na alikuwa amesikia yote. Baba mkwe hasemi na mkamwana uso kwa uso. Akakohoa.

"Muulizeni," akasema, "alipolitamka alikuwa anaona nini."

Wakanitazama. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la ukali, mwanajeshi wangu na mwanamke wangu wako tayari, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Namwona mama yangu pale stesheni ya Kilosa. Anakimbia na sinia la ndizi pembeni ya mabehewa, anawauzia abiria madirishani, na mimi nimemshika upindo wa kanga."

Sikuwa nimemtaja mama tangu niolewe, na sikujua kama nimemkumbuka kiasi kile. Nilisimama katikati ya jiko la watu nikilia kwa kwikwi, na wifi yangu akauweka mchi chini.

Nyuma ya ukuta mzee akakohoa tena.

"Basi hakuniita mimi," akasema. "Alikuwa anamwita mama yake. Leteni chakula kabla hakijapoa."

Akala. Nilimsikia anafyonza mifupa, na nilifurahi mpaka nikakaa sakafuni. Mafiga yangu alinichagulia mama mkwe mwenyewe, akayapanga, akayajaribu kwa chungu chake kuona kama hayayumbi. Na lori la samaki lilipokuwa linapakiwa kwenda Kilosa, mzee alimwagiza dereva aache nafasi moja mbele, mkamwana wake anakwenda kumsalimia mama.