Hitima ya Mwenye Pijo

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na mdomo wangu Mji wa Kale wote waujua. Juzi ndio ulionitia aibuni.

Mwanangu Salim ana gereji ndogo uani kwetu. Mteja mmoja alileta Pijo, akaenda zake, asirudi. Sikukuu zikaja, zikapita. Gari lile lilijaza ua mzima, hapakuwa na pa kutengenezea jingine, na kazi ya mwanangu ikalala. Nikimwambia aliuze, hunijibu, "Mama, hii ni amana. Mwenyewe yu hai."

"Yu hai wapi? Aliye hai huacha gari mpaka kuku watage ndani?"

Kuku walikuwa wangu, sikatai.

Basi nikaamua kwamba amekufa. Salim alipokwenda Shimanzi kutafuta vipuri, nikapika pilau, nikaita maalim na majirani wasome hitima, ili marehemu apumzike na mwanangu aache ukaidi. Nilimsifu maiti nisiyemjua mpaka jirani yangu akafuta machozi kwa leso.

Mgeni mmoja mwenye kitambi aliitikia "Amin" kuwashinda wote, na pilau akaongeza.

"Kula, baba," nikamwambia. "Marehemu alikuwa mkarimu."

"Mungu amrehemu, bibi. Nimepita tu nikaona watu, nikasema si vyema kupita msiba. Ni nani aliyefariki?"

"Mwenye Pijo lile."

Akaacha kutafuna. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ufunguo.